Suruali ya Mwalimu kwenye Kamba Yetu

Silanga, Kibera
Jumapili mchana, baada ya kanisa

Kwako mke wangu, Mama Faraja,

Habari za huko Vihiga? Faraja anaendeleaje na kile kikohozi, na mdogo wake ameanza kusimama au bado anatambaa akila udongo? Miguu ya mama siku hizi inamwezesha kufika kisimani? Mvua imeshuka? Mimi nakusalimu kwa mikono iliyokunjamana kwa sabuni, hata kalamu inateleza. Mwili wangu ni mzima. Habari za moyo utazisoma hapa chini.

Utajiuliza kwa nini mtu mwenye simu anaandika barua. Ni kwa sababu kwenye simu unacheka. Juzi nilipokuuliza kuhusu ile suruali ulicheka mpaka mtoto naye akacheka bila kujua kinachochekwa, na mimi huku nikabaki nimeshika simu kama mtu aliyekosea namba. Sasa soma mpaka mwisho ndipo ucheke, kama bado utataka.

Kwanza nikueleze kazi, maana umekuwa ukiisikia vipande vipande.

Ulipokuja mara ya mwisho nilikuwa bado kwenye kazi ya mjengo. Ile nyumba tuliyokuwa tukijenga ilisimama nusu, mwenyewe akaishiwa pesa, tukaambiwa tusubiri, na kusubiri hakupikwi. Wazo lilikuwa la Mutisya, yule Mkamba wa Kitui tuliyekuwa tukibeba mawe pamoja. Yeye anaishi mtaa wa Kongo, kule Kawangware, na ploti yao ina kisima cha kuchimbwa, maji safi ya bei nzuri, na uwanja unaopata jua tangu asubuhi. Huku kwetu Silanga unakujua: maji ni ya mtungi na siku nyingine mfereji umekauka, na ukianika nguo inabidi ukae chini yake na kiti kama askari, la sivyo utaanua kamba tupu. Mutisya akasema watu wa huku wana nguo chafu na kule kwao kuna maji, kwa hivyo anatafutwa tu mtu wa kuzunguka milangoni na baiskeli. Mtu huyo ndiye mumeo.

Nazunguka asubuhi Silanga, nafunga magunia kwenye kariya ya baiskeli, napanda hadi Kongo, tunafua, tunaanika, Mutisya anapiga pasi ya makaa, na kesho yake nazirudisha mlangoni zimekunjwa. Njiani nakusanya na za watu wa kituo cha 46, hapo hapo Kawangware. Hatuhesabu nguo moja moja, tunapima kwa karai. Ukijaza karai ni bei moja, ziwe soksi au ziwe suti. Usifikiri watu ni wajinga. Kuna mama mmoja hapa nyuma ya kanisa ambaye hushindilia nguo kwa goti, halafu anapanda juu yake mzima mzima, halafu ananiambia, "Baba Fua, ona, halijajaa." Siku moja nilitoa kwenye karai lake blanketi mbili, pazia na koti la mvua.

Ndiyo, jina langu sasa ni Baba Fua. Mwanzoni liliniuma. Wanawake walikuwa wakiniona mlangoni wanaficha gunia nyuma ya mlango na kusema wamezoea mama fua. Lakini mama fua huingia ndani, anaona sufuria zako, anaona umelala juu ya nini, na jioni ploti nzima inajua. Mimi nabeba gunia naondoka. Wakalipenda hilo. Nguo za ndani hatupokei, na sheria hiyo niliitunga mimi mwenyewe siku ya kwanza, ili usije ukasikia maneno ukakosa usingizi. Nilikuwa nakuwazia wewe. Kumbe mwenye kukosa usingizi ni mimi.

Siku ile nilikuwa nimeinamia blanketi pale Kongo, povu hadi kwenye viwiko, simu ikalia. Ni Kefa, binamu yangu wa pikipiki. Mutisya akaniwekea sikioni.

"Niaje mzee, karibu home," Kefa akasema. "Kumbe umefika na hata hutuambii? Nimepita hapo barabarani nikaona longi yako kwa kamba, ile ya kijivu, imenyooka poa sana. Nikajua leo mwenyewe yuko ndani."

Mama Faraja, kwetu unakujua. Mwanamke ambaye mume wake yuko mbali, kamba yake huwa na leso, shuka na nguo za watoto. Siku suruali ya mwanamume ikionekana hapo, hakuna anayeuliza. Mwenye boma amerudi. Watoto wa jirani wanaanza kuzungukazunguka wakingoja mkate. Wazee wanapita kusalimia kwa sababu wanajua leo chai ina maziwa. Na nyumba yetu uliitaka wewe iwe kando ya barabara ya shule, ukasema tutafungua kibanda. Kibanda hatujafungua, lakini kila anayepita anasoma kamba yetu.

Kidogo hivi nilifurahi, sikudanganyi. Nilisikia raha, kana kwamba kweli nimefika, nimevua viatu, na wewe uko jikoni. Halafu nikakumbuka kwamba niko Kawangware na kwamba sina suruali ya kijivu.

Na nilimjibu nini Kefa? Nilimwambia, "Nilipita tu mbio, tayari nimerudi Nairobi." Ungekuwa mimi ungesema nini? Ningemwambia Kefa kwamba suruali iliyo kwenye kamba yangu siijui? Kefa, ambaye mdomo wake na pikipiki yake vyote havina breki?

Ndipo nikakupigia, ukacheka, ukanieleza kana kwamba ni habari njema. Kwamba mimi ndiye niliyekufungua macho. Kwamba ulipoona kazi yangu inaenda ukasema hata walimu na watu wa zahanati huvaa nguo. Kwamba unamfulia nesi, unamfulia karani wa chifu, na sasa huyu mwalimu mkuu mgeni anayekaa peke yake nyumba ya shule, mke wake kabaki kazini kwake mbali. Tena unapima kwa karai. Hata karai umeniibia. Nilitaka kukasirika, nikajikuta najivuna, na nikakasirika kwamba najivuna.

Nesi sina neno naye. Karani ana tumbo na wake wawili, mfulie mpaka achakae. Lakini mwalimu mkuu uliniambia analeta "mashati mawili tu ya shule". Mashati, Jeska. Iliyokuwa kwenye kamba ni suruali. Halafu Faraja akachukua simu, mtoto asiye na hila, akaniambia, "Baba, mwalimu alituletea mkate." Nilimuuliza mkate gani. Akasema mkubwa.

Nina wivu. Nimeliandika neno lenyewe ili usilitafute kati ya mistari. Nina wivu na mwalimu, nina wivu na suruali yake, nina wivu na mkate, nina wivu hata na jua la kwetu linalomkaushia nguo wakati mimi huku nalitafuta kati ya mabati. Mimi mwenye nyumba naiona nyumba yangu mara mbili kwa mwaka. Yeye nguo zake zinalala kwangu kila wiki.

Usiniambie nguo ni nguo tu. Hiyo ndiyo kazi yangu, na hayo ndiyo mambo ninayoyajua. Kuna dada mmoja wa saluni, kule 46, aliyekuwa akinipa karai la nguo zake mwenyewe, magauni na taulo, basi. Siku moja nikakuta soksi ya mwanamume. Moja, nyingine hakuna. Nikasema labda ni ya kaka yake. Wiki iliyofuata likaja shati. Akaniambia bila kuulizwa kwamba mtu alilisahau. Baadaye zikaja fulana, zikaja shuka za kitanda kikubwa ambazo hakuwa nazo, ikaja suruali. Na suruali ilipokuja, safari iliyofuata mlango ulifunguliwa na mwanamume mwenyewe, amejifunga taulo nililolifua mimi kwa mikono yangu, akasema, "Baba Fua, niaje, ongeza na hizi."

Kwa hivyo naijua hiyo njia tangu soksi. Ndiyo maana uliposema mashati na Kefa akasema suruali, mimi nilianza kusikia mlango ukifunguliwa.

Nilimweleza Mutisya, nikidhani mwanamume mwenzangu atanielewa. Alikuwa anapuliza makaa ya pasi.

"Javan, hebu niambie," akasema. "Nguo za wanawake wangapi zimepita kwa hii mikono yako?"

"Hiyo ni kazi, bana."

"Na ya bibi yako ni nini? Ni mchezo?"

Nikamwambia yeye hana mke hapa, hajui kitu, apige pasi. Akapiga pasi. Lakini alikuwa anatabasamu, na tabasamu la Mutisya linachosha kuliko kufua jinzi. Nilimuuliza kama hatungeweza kukuomba uzitume nguo za mwalimu kwa basi, nizifue mimi huku, nizirudishe zimenyooka. Akacheka mpaka akaunguza kola ya mteja, na ile kola tumeilipia. Kwa hivyo huyo mwalimu tayari ameniingiza hasara.

Sasa sikiliza lililonifanya nikae chini leo badala ya kulala kama watu wengine siku ya Jumapili.

Kefa hakukaa na habari. Alisema sokoni, alisema kwa fundi wa baiskeli, alisema kisimani, na jana mama akaazima simu ya ndugu yangu akanipigia. Hakunisalimia kwanza. Unajua jinsi mama anavyosalimia, mpaka amuulizie hata mbuzi. Jana alianza hivi:

"Ulikuja ukaenda bila kuingia kwangu. Ulikula wapi?"

Kwetu mtoto wa kiume akitoka safari anaingia kwanza nyumba ya mama yake, anakula chochote atakachopewa, hata kama ni ugali wa jana na chumvi, ndipo anashuka kwa mke wake. Mimi tangu nianze kuja Nairobi sijawahi kuivunja hiyo. Na mama anaamini nimeivunja. Aliniuliza kama amenikosea. Akasema kuku alikuwa naye, yule jogoo mwekundu, alikuwa anamweka kwa ajili yangu.

Nilisema gari lilikuwa linaniacha.

"Gari," akasema, taratibu, kama mtu anayerudia jina la mgonjwa. Kisha akampa ndugu yangu simu yake.

Umeona nilipofika? Nikimwambia mama sikuja, ataniuliza suruali ni ya nani, na macho hayo yote ya kijijini yatageuka kutoka kwangu yaje kwako. Nikinyamaza, mimi ni mtoto aliyempita mama yake mlangoni akakimbilia kwa mwanamke. Jana usiku niliamua kunyamaza. Nilijiambia afadhali niwe mtoto mbaya kuliko kuwa mume wa kuchekwa. Leo kanisani nimekaa na hilo neno, limekataa kukaa. Mama ana miguu mibovu na jogoo mmoja. Siwezi kumwacha na hilo ili mimi nipendeze machoni pa Kefa.

Basi fanya hivi. Nenda kwa mama wewe mwenyewe, usimtume mtoto. Mwambie Javan hakuja. Mwambie siku Javan atakapokuja ataingia kwake kwanza, na huyo jogoo asimpe mtu. Atakuuliza suruali ilikuwa ya nani. Mwambie ni ya mwalimu mkuu, unamfulia kwa pesa, na mume wako anajua. Hayo maneno, mume wako anajua, usiyaruke. Yaseme kwa sauti, na kama kuna jirani ameketi hapo ni vizuri zaidi. Ukishayasema wewe, Kefa hana la kuuza.

Yananiuma kuyaandika. Ningependa zaidi kukuandikia kwamba uache. Niliianza hivyo barua hii asubuhi, nikaikunja nikaitupa. Kwa sababu nilijiuliza, ukiacha mwalimu, kesho nitakwambia uache karani, na keshokutwa nesi ana kaka. Na mimi ndiye niliyekwambia kwamba mwenye mikono hakosi. Siwezi kukufundisha kazi asubuhi na kukunyang'anya jioni.

Nilifikiria pia nikwambie nguo zake uzianike nyuma ya jiko, zisionekane. Lakini nyuma ya jiko kuna moshi. Zitanuka, mteja atalalamika, na kazi ya nyumba yetu, yako na yangu, itaharibika jina. Tena kitu kikianikwa mafichoni ndicho watu wanachokiendea kukitazama. Zianike hapo hapo, juani. Suruali igeuze ndani nje ili rangi isipauke. Unaona wivu ulivyo kitu kibaya, unanifanya nimtunzie mwanamume mwingine suruali yake.

Ila nina masharti, na haya hayajadiliwi. Mkate akileta, mwambie tunanunua wenyewe. Nguo azilete mtoto wa shule, yeye asizilete. Na kola zake usizisugue kwa mkono. Tumia brashi. Mimi nafua kola kila siku na najua kinachofanyika pale, kitambaa juu ya vidole, vidole juu ya sabuni, unasugua mahali shingo ya mtu ilipokaa. Kola ya mwalimu mkuu ipate brashi kama kola ya mtu yeyote. Za mkono ni zangu.

Salamu zangu zimfikie mama, umshike miguu kwa niaba yangu. Msalimie ndugu yangu Ainea na umshukuru kwa simu, hata kama ilinipiga. Msalimie nesi, mteja mzuri. Faraja mwambie baba amesikia habari ya mkate. Mdogo wake mnyanyue juu, atajua ni mimi. Kefa mwambie aweke breki. Mwalimu mkuu sina salamu zake, ila mwambie akichelewesha malipo bei yetu inapanda.

Barua hii imo ndani ya mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko huo utakuta shati langu la bluu na ile suruali nyeusi ya kanisa. Nimezivaa leo ibadani na sijazifua. Mutisya alitaka kuzitia kwenye karai nikamzuia. Mimi nafua za Silanga yote na nusu ya Kawangware, na zangu najifulia mwenyewe kama mjane. Zina jasho langu, nisamehe. Zifue wewe. Zianike upande wa barabara, mbele, zile nyingine zifuate nyuma.

Na zikikauka, usiwe na haraka ya kuzianua.

Ni mimi mume wako,
Javan, Baba Faraja